Mawe ya Baba Kando ya Barabara ya Turbo

28 Machi

Mvua ya kwanza ya kueleweka imenyesha leo. Kabla maji hayajaisha kudondoka kwenye ukingo wa paa la duka langu, Bilal akapiga simu. Ndugu yangu huyu hana salamu. "Dada, wamepiga vigingi mpaka kwa Baba," akasema. Nilikuwa nampimia dereva wa trela kamba ya kufungia mzigo. Nikamwachia kamba yake mkononi, nikaingia ndani kukaa.

Barabara ya kwenda Turbo na Webuye inapanuliwa, magari ya kwenda yawe na njia yao na ya kurudi yawe na yao. Habari hiyo tumeisikia tangu zamani, nikaizoea kama ahadi za uchaguzi. Sasa vigingi viko chini, vimepita yale mawe mawili ambapo tumekuwa tukimsomea Baba Fatiha tangu nikiwa mtoto.

Mama alifariki mwaka jana. Siku zake za mwisho hakuzungumza mengi, ila hili alilirudia: "Mleteni baba yenu Hussein alale karibu nami." Nikamjibu, "Nitamleta, Mama." Kule kwenye makaburi ya Waislamu hapa mjini Eldoret tuliacha nafasi upande wake wa kulia. Nilijiambia nitafanya mvua ikipungua, kisha biashara ikipungua, na kweli ningeendelea kujiambia hivyo. Sasa jambo lenyewe limekuja kunitafuta na tingatinga.

29 Machi

Mvua. Kila dereva amekumbuka leo kwamba turubai lake limetoboka. Nimeuza mpaka nikachoka kuongea.

2 Aprili

Tumeenda kuona, mimi na Bilal, kwa pikapu yake. Mawe yapo palepale, moja la kichwani na moja la miguuni, ng'ambo tu ya mtaro. Matuta ya mahindi ya Mzee Kipkemboi yamefika mpaka karibu nayo.

Mzee huyu nimekuwa naye na kinyongo miaka mingi, na sioni haya kukiandika. Shamba lake linapakana na barabara, na kila mwaka naona ameyakaribia mawe ya Baba na jembe lake. Hajawahi kuyagusa, lakini anayazungukia karibu sana, kama mtu anayekula kando ya sahani ya mwenzake. Leo alitoka akatusalimia, kofia mkononi.

"Mama Salma. Mmefika?"

"Tumefika, Mzee. Tumekuja kuona unalima wapi mwaka huu."

 Aliangalia barabara, akarudi kwake.

Injinia wa barabara tulimkuta karibu na kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara. Nilitarajia mwanaume mwenye kitambi, nikakutana na msichana mwenye gambuti miguuni anayeitwa Awuor. Alituamkia vizuri. Alisema mradi utagharimia kuhamisha kaburi, bora familia ikubali na vibali vitoke. "Lakini Mama, mvua ndiyo inawasaidia saa hii. Ikikatika tu, tunaanza kukata udongo hii side. So msichelewe." Kisha akafungua ramani kwenye simu yake, akasema jambo la kushangaza, kwamba mawe yetu hayako kwenye eneo la zamani la barabara, yako ndani ya shamba la Mzee Kipkemboi, tena mbali kidogo na mpaka.

Nilimwambia ramani yake inasema uongo. Baba alizikwa kwenye ardhi ya barabara, na kama mpaka umehama basi kuna aliyeuhamisha. Bilal alinivuta mkono.

6 Aprili

Wateja ni wachache, nimekaa na chai yangu, na mawazo yangu yako kambini.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia ulilelewa kambini wanafikiri ulikuwa mkimbizi. Kambi yetu ilikuwa ya barabara. Mahema ya turubai la kijani, tangi la maji juu ya mbao, karakana inayonuka dizeli. Barabara ikisonga, kambi inasonga nayo. Mimi nilizaliwa hapa Eldoret, nikaota meno mbele kidogo, nikaanza kusema karibu na Turbo. Majirani Waluhya walinifundisha kula mboga ya mrenda, na Mama akawafundisha kutia tangawizi kwenye chai. Baba alitoka Isiolo, Mborana mrefu asiyependa kelele, na kazi yake ilikuwa kuendesha greda. Madereva walisema Hussein Guyo akisawazisha murram, ule udongo mwekundu wa barabara, unaweza kuweka kikombe kilichojaa mbele ya usukani na chai isimwagike hadi Turbo. Najua waliongeza chumvi. Niliamini wakati ule na bado naamini.

Kabla ya lami, malori yalilala njiani mvua ikinyesha. Madereva walipika hapo hapo, wakafua nguo, wakafahamiana na watu wa mashamba mpaka wakawa wanaulizia ng'ombe aliyezaa. Lami ilipoanza kumwagwa, wazee walikuja jioni wakavua viatu, wakaikanyaga kwa miguu mitupu waone kama kweli inabaki na joto. Sisi watoto tulilala chali juu yake. Gari likija ulilisikia mgongoni kabla ya kuliona, tukainuka tukakimbia huku tunacheka. Sijui furaha nyingine niliyowahi kupata bure namna ile.

Lami yenyewe Baba hakuiona ikifika mbali. Mei ile mvua ilikuwa imekolea, ukingo wa barabara ukameguka chini ya greda, likampindukia. Nilikuwa darasa la kwanza. Walitaka kumleta mjini azikwe na Waislamu wenzake. Lori likakwama kabla ya kutoka kambini, na la pili likakwama likilivuta la kwanza. Dini yetu haitaki maiti akae, kwa hiyo wenzake walichimba pale pale kando ya kazi yao, wakamzika kabla ya alasiri kuisha. Sisi hatuandiki jina juu ya kaburi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Mtu aliyejenga barabara alikosa barabara ya kumpeleka makaburini, na hilo Mama hakulimeza mpaka alipokufa.

Mkandarasi alipohama aliacha mahema yaliyochanika. Mama aliyachukua, akayashona yakawa maturubai ya malori, akaja nayo Eldoret. Duka hili lilianzia pale.

7 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Tumegombana na Bilal baada ya swala. Anasema Baba aachwe. "Hiyo barabara ni yake. Wacha ipite juu yake, kuna shida gani? Si kuna malori yangu pia yanapita hapo?" Nikamwambia yeye hakuwa kando ya kitanda cha Mama wakati ule, alikuwa Malaba anabishana na watu wa forodha. Maneno hayo yalimuuma. Nilitaka yamuume.

Binti yangu Salma, aliyetoka chuoni Chepkoilel kuja kula, akasema, "Mathe, si muulize tu imamu badala ya kupigiana kelele?" Ndiye aliyekuwa na akili mezani.

14 Aprili

Imamu ametujibu. Kufukua kaburi si jambo la kuchezea, lakini kama litakanyagwa na magari basi kumhamisha maiti ni kumhifadhia heshima. Bilal akanywa maji, akasema atatafuta vibali yeye mwenyewe. Ndivyo alivyo. Akishindwa hoja anageuka mtumishi.

30 Aprili

Mvua imefunga barabara ya Kapsoya kwa matope, nimefika dukani nimechafuka mpaka magotini. Nikacheka peke yangu.

9 Mei

Mzee Kipkemboi amekuja dukani. Hajawahi kuja. Alikaa kwenye benchi la wateja, akauliza habari ya biashara, akasifu mvua, akasema mahindi yake yana viwavi. Kisha akauliza tunachimba lini.

"Mvua ikikatika."

"Na lazima mchimbe?"

"Mzee, usiogope, hatutakanyaga mahindi yako."

Alinyanyuka akaenda zake. Nadhani anataka fidia ya eneo lile na anaona kaburi linamchelewesha.

16 Mei

Vibali viwili vimetoka, kimoja bado. Mvua.

23 Mei

Mzee amekuja tena, amebeba maziwa kwenye chupa. Akaketi. Akaniuliza Mama alifariki kwa ugonjwa gani. Nilimweleza. Akasema, "Alikuwa mama mzuri. Alikuwa akinisalimia kila Idd." Nikamshukuru kwa maziwa nikaendelea kupanga kamba. Alikaa muda mrefu bila neno. Watu wengine wanajua kukuchosha kwa kunyamaza.

3 Juni

Kibali cha mwisho kimetoka. Nimenunua sanda, nyeupe, nzuri. Niliikunja nikaiweka kabatini juu ya shuka za Mama, nikahisi kwa mara ya kwanza tangu afe kwamba kuna kitu naweza bado kumfanyia.

12 Juni

Siku ya pili bila mvua. Injinia Awuor amepiga simu: tufanye wiki ijayo au atalazimika kuendelea.

17 Juni

Sijui nianzie wapi, na mkono wangu umechoka, lakini nisipoandika leo nitaanza kuipamba habari hii kesho.

Tulifika asubuhi. Imamu, Bilal, vijana wanne wa msikiti wenye majembe, afisa wa afya, na Injinia Awuor aliyesimama mbali kwa adabu. Waliweka turubai langu kubwa kuzunguka kaburi, lile tulilolichagua dukani mimi na Salma. Mimi nilikaa nje ya turubai na sanda mapajani. Mzee Kipkemboi alikuwa kwenye ua wake, anatazama.

Walichimba kwa upole. Walifika kiunoni. Walifika kifuani. Nikasikia wananong'ona, kisha Bilal akatoka na uso uliobadilika. "Dada, hakuna kitu. Hii ardhi haijawahi kuchimbwa." Wakapanua upande wa kichwa, wakapanua upande wa miguu. Udongo mwekundu mtupu, mgumu, na mizizi.

Niliinuka nikamwendea Mzee Kipkemboi, mbele ya watu wote, mimi mwanamke wa umri huu, nikamuuliza amemfanya nini baba yangu. Nilimwambia ameila ardhi ya wafu kwa jembe. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Imamu aliniita jina langu mara kadhaa na sikumsikia.

Mzee alivua kofia.

"Hayuko hapa," akasema. "Hajawahi kuwa hapa. Mawe ndiyo iko hapa."

Alieleza polepole, na nitaandika alivyosema. Lami ya kwanza ilikuwa nyembamba, magari mawili yakikutana moja linashuka kwa murram. Miaka ya themanini ikaja kampuni nyingine kuipanua. Kaburi lilikuwa upande waliotaka kupanua.

"Niliwaambia iko mtu hapo. Yule fomani, msimamizi wao, akasema wao wanafuata ramani, na kwa ramani hakuna mtu. Nikasema ngojeni nitafute watu wake. Nitatafuta wapi? Nilijua tu ni Waislamu wa Eldoret. Simu haikuwa. Mama yenu alikuwa anakuja Idd, na Idd bado. Mashine ilikuwa imefika kwa ule mti."

"Si ungemtoa?" Bilal akauliza.

"Mimi? Kijana, kwetu mtu hagusi maiti ovyo. Hata wa kwetu, iko wenye hiyo kazi, na wanasafishwa. Mimi nilikuwa na watoto wadogo kwa nyumba. Niliogopa. Basi nikafunga ng'ombe kwa mkokoteni, nikabeba mawe. Hiyo niliweza. Nikayaweka kwa shamba yangu, vile yalikuwa yameangalia. Nikasema hapo pahali silimi."

Injinia Awuor alikuwa amesogea. Hakusema chochote kuhusu ramani yake, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Nikakumbuka Idd ile. Barabara ilikuwa mpya na pana, mtaro mpya, miti imekatwa, na mawe ya Baba yamesimama ng'ambo tu. Mama aliinua mikono akamshukuru Mungu kwamba wajenzi wamemwacha mumewe salama. Alifurahi njia nzima kurudi nyumbani.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Mama yenu alikuja, akapiga magoti hapo, akalia vizuri. Akainuka akanisalimia, akanipa tende. Nikasema nitamwambia Idd ingine. Idd ingine akaleta nyinyi wote. Sasa ningemwambia nini? Pahali ya kulia alikuwa amepata."

Nilimuuliza Baba yuko wapi basi. Alinyoosha mkono akaonyesha barabarani, njia ya kwenda Turbo, hatua chache kabla ya kalvati. Lori la mbao lilikuwa linapita pale wakati huo huo, na nyuma yake lori la mahindi, na nyuma yake basi.

18 Juni

Sikufungua duka.

20 Juni

Miaka yote hiyo nilidhani anapora kipande cha Baba. Kumbe alikuwa amekata kipande chake mwenyewe akatuachia, na kila msimu akakizungukia na jembe, huku mimi namrushia maneno. Namwonea huruma, kisha nakasirika tena. Alikuwa muoga. Alikuwa pia mtu pekee aliyejaribu kuisimamisha mashine. Sijui nimweke wapi.

27 Juni

Nimempelekea sukari na majani ya chai. Tulikaa nje kwake. Hatukuzungumza habari ile. Alinionyesha ndama.

11 Julai

Mvua imerudi. Injinia Awuor alipita dukani akiwa na matope mpaka kofia. Anasema magari yatahamishiwa dayvasheni, njia ya muda ya pembeni, na barabara ya zamani itakwanguliwa yote mpaka chini ijengwe upya. "Itakuwa wazi kwa siku chache. Mkitaka kuchimba hapo, nitasimamisha kazi. Nimeshaongea na wakubwa." Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema baba yake ni fundi wa kuezeka, na ingekuwa yeye ndiye aliyelala chini ya barabara, hajui angefanya nini.

Nimeitoa sanda kabatini, nikaifua ingawa haikuwa chafu.

26 Julai

Bilal, yule aliyetaka Baba aachwe, sasa hataki kusikia lingine ila kuchimba. Anapiga simu asubuhi na jioni. Amesema atachimba barabara yote hadi Webuye ikibidi. Nimemwambia alale.

19 Agosti

Tumerudi. Kumekauka, na barabara ya zamani imelala wazi bila gari hata moja. Kimya chake kilinitisha kidogo. Maisha yangu yote sijawahi kuiona imenyamaza mchana.

Injinia alitushusha mahali palipokatwa kwa wima karibu na kalvati, akatuonyesha kwa fimbo. Juu kabisa lami nene ya juzi juzi. Chini yake kokoto na lami ya miaka ya themanini. Chini ya hiyo, upande wa kushoto tu, utepe mwembamba mweusi, na chini yake murram nyekundu iliyoshindiliwa laini. "Hii ndiyo ya kwanza," akasema. "Hii ni ya wakati wa mzee wenu. Unaona vile imelala straight?"

Niliweka kiganja pale. Ilikuwa kazi ya mkono wake. Nililia sana, na sikuona sababu ya kujizuia. Mzee Kipkemboi alisimama nyuma yangu, na Bilal alikuwa na vijana na majembe.

Nikamwomba Injinia aniambie ukweli kama mtoto wa mtu. Tukichimba tutampata? Alichomeka fimbo yake udongoni. Kisha akaeleza kwamba murram ya Baba inaishia upande wa kushoto, na pale Mzee alipoonyesha, watu wa miaka ya themanini walikata kina kirefu kwa ajili ya kalvati. Udongo ukikatwa hautupwi. Unabebwa unajaziwa mbele, mahali palipo chini. "Mama, naweza kuchimba wiki nzima. Lakini sidhani yuko pahali pamoja. Pole sana."

Bilal alitupa jembe. Akasema tuchimbe hata hivyo, tupate hata kidogo, tuzike kidogo. Nilitazama upande wa Turbo, barabara ikishuka na kupanda kati ya mahindi yaliyoanza kutoa ndevu. Nikafikiri kwamba tukianza hatutajua pa kusimama, na tutampeleka Mama udongo tukiuita mume wake. Mama alidanganywa na mawe ya huruma miaka mingi. Sikutaka kumdanganya kwa sanda.

"Hapana," nikasema. "Tumwombee hapa. Kisha wafunike."

Tulielekea kibla, imamu akaomba dua, tukaitikia. Mzee Kipkemboi alisimama nasi kofia mkononi, na tulipomaliza akasema mawe yako njiani sasa, lakini ataweza kuyasogeza tena, bado ana mkokoteni. Nikamwambia, "Wacha, Mzee. Umeyabeba vya kutosha." Alinishika mikono yote miwili.

Sanda nimempa imamu. Kuna maskini atakayeihitaji.

20 Agosti

Wamefunika asubuhi. Injinia alinipigia kabla, ili nijue.

22 Agosti

Nimeenda makaburini baada ya swala ya Ijumaa, peke yangu. Nyasi zimeota kwenye ile nafasi ya kulia, nikazing'oa, nikakaa. Nilimweleza Mama yote: mawe, mkokoteni, kalvati, ule utepe mweusi ulionyooka. Nilimwambia sikutimiza neno langu. Kutoka pale unasikia malori yanavyobadilisha gia yakienda upande wa Turbo, na nilikaa nikiyasikiliza kwa muda.

Kisha nikamwambia, "Hussein hakuweza kuja, Mama. Bado yuko kazini. Hii nafasi uniwekee mimi."